Wali wa Kahawia kwenye Sufuria Ndogo

Daktari wa kliniki ya sukari alikuwa kijana wa rika langu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alimvua mama vyakula vyake kimoja kimoja, kwa heshima, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo.

"Mama, chai ya sukari, wacha. Chapati, wacha. Soda usiguse kabisa. Na mchele mweupe, wacha."

Mama alikaa wima kwenye benchi, shanga zimejaa shingoni, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Na kupumua, daktari?"

"Kupumua endelea, mama."

Badala ya mchele mweupe, alisema, ale ule wa kahawia, ambao mashine imeutoa makapi lakini ikauachia pumba zake. Arudi baada ya mwezi. Sukari ikishuka, ataendelea na vidonge. Isiposhuka, ataanza sindano, na dawa ya sindano hutaka ubaridi. Hutaka friji.

Hapo ndipo mama aliposhtuka. Sindano haikumtisha. Huyu ni mtu aliyejitoa miiba ya nyayoni kwa mwiba mwingine tangu akiwa mtoto. Kilichomtisha ni friji. Alikuwa amekuja kwangu Lodwar kusalimia tu, na salamu zile zilikuwa zimechukua mwaka na zaidi. Kwao ni nje kidogo ya Kaikor, kwa dada yake mkubwa, walipo mbuzi wake, na huko hakuna friji. Hata kivuli huko watu hugawana na mbuzi. Kwa hiyo alielewa, haraka kuliko mimi niliyesoma, kwamba sukari ikikataa kushuka, yeye atakuwa mtu wa Lodwar hadi mwisho, amefungwa kwenye kisanduku cheupe kinachonguruma jikoni kwa binti yake.

"Kwa hiyo mchele ndio utakaonirudisha nyumbani," aliniambia tulipofika nje, kwa Kiturkana chetu.

"Mchele na vidonge."

"Basi pika."

Ningependa kusema kwamba mchele ule una uhusiano fulani na Kaikor. Hauna. Huko hakuna mtu anayekula mchele kila siku, wa rangi yoyote. Mama alikua kwa mtama na maziwa, na nyama siku mbuzi alipochinjwa, na alizeeka bila kujua kwamba mtu anaweza kuwa na sukari ndani ya damu. Sukari aliipata mjini. Mimi ndiye niliyemkaribisha kwa wali mweupe kila mchana na chai tamu kama ya harusi, maana riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imetoka na nilitaka aone kwamba maneno yanalisha. Aliona. Yalimlisha hadi akaandikiwa vidonge.

Wali wa kahawia nilikuwa nimekutana nao Nairobi, kwa waandishi wenzangu. Kule haukuwa chakula hasa, ulikuwa msimamo. Mtu aliuweka sahanini kando ya kipande cha parachichi, akautafuna polepole, akazungumza kuhusu ardhi. Nami nilizungumza kuhusu ardhi. Wenzangu walipendezwa sana kusikia kwamba ninatoka mahali ambapo ardhi ni nyingi kiasi kile na haioteshi kitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia unapikwaje.

Lodwar sikuupata. Muuza duka mmoja alinitolea stoo mchele mweupe uliokaa hadi ukageuka rangi, akaapa kwamba ndio wenyewe. Ila mimi huenda Kakuma kila wiki, kwa sababu kuna kikundi cha vijana wa kambi ya wakimbizi wanaoandika hadithi, nami huketi nao asubuhi kuwaambia wapunguze machozi. Siku hiyo, tulipomaliza kupunguza machozi, niliingia soko la kambini, katika duka la mama mmoja wa Kisomali, kati ya magunia ya tambi na madumu ya mafuta.

"Mchele wa kahawia? Iko," alisema, akanitazama kuanzia viatuni. "Wewe ni wa shirika?"

Swali hilo nimelizoea. Turkana, mtu anayeandika huwa anaandikia shirika, na ukisema unaandika hadithi huulizwa ni shirika gani linalofadhili hadithi.

"Si wangu. Ni wa mama. Ana sukari."

"Oo, pole, abaayo." Abaayo ni dada kwa Kisomali, na humwita hivyo kila mteja wa kike mpaka bei inapoanza kujadiliwa. "Hii watu wa mashirika ndio wanabeba. Wanakula kidogo kidogo, kama kuku, halafu asubuhi wanakimbia barabarani. Wallahi, wanakimbia, na hakuna mtu anawafukuza."

"Unapikwaje?"

"Mimi najua? Mimi nauza."

Nikarudi Lodwar na gunia dogo miguuni, nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kumponya mama yake.

Mara ya kwanza niliupika kama wali mweupe. Maji yakakauka, nikafunika, nikangoja kidogo, nikapakua. Ulilia ulipogusa sahani. Mama alichukua punje moja, akaiweka kati ya meno ya mbele, akaniangalia.

"Hizi kokoto za mto Kawalase umezichota mwenyewe au ulimtuma mtu?"

"Mama, jaribu tu."

"Ninajaribu. Zinanishinda."

Mara ya pili nikaongeza maji kwa hasira na tukapata uji, lakini uji wenye kokoto ndani. Ilikuwa ajabu jinsi kitu kimoja kilivyoweza kupondeka na kubaki kigumu kwa wakati mmoja. Mama alisema amewahi kufahamiana na machifu wa namna hiyo.

Nilijifunza polepole. Nilijifunza kuuloweka asubuhi, kabla sijakaa kuandika, ili mchana uwe umelegea kidogo na kusahau ugumu wake. Nilijifunza kuumiminia maji mara mbili na nusu ya mchele wenyewe, chumvi kidogo, moto mkali hadi uchemke, kisha moto mdogo kabisa. Jiko langu la gesi halijui moto mdogo kabisa, kwa hiyo nilitandika kikaango cha zamani chini ya sufuria, kipokee ukali wa moto badala yake. Halafu unafunika na kuondoka. Hiyo ndiyo siri yote, kuondoka. Ndani ya sufuria maji yanapungua kwa sauti inayoshuka, kutoka kunguruma hadi kunong'ona hadi ukimya, na harufu inapanda, harufu ya karanga za mbali na ya nyasi kavu zilizonyeshewa. Hapo unazima, ukauacha ujifikirie kwenye mvuke wake. Niliipenda kazi hiyo kuliko riwaya ya pili, ambayo haikuwa ikiiva hata kwa kikaango.

Shida ilikuwa kifuniko. Kwangu hapaishi watu wachache. Binamu zangu wanaosoma chuo wapo, jamaa walioleta mgonjwa hospitali hupita, na kila aliyepita jikoni alikifunua kutazama wali mgonjwa. Mvuke ukatoka, wali ukagoma. Nilinunua sufuria ndogo yenye kifuniko kinachobana, ya mama peke yake. Wengine wakaendelea na wali wao mweupe kwenye sufuria kubwa, naye nikampelekea wake, umepakuliwa vizuri, umefunikwa kwa kisahani.

Sahani ikarudi tupu. Kesho yake pia, na keshokutwa. Nilijisikia kama watu wanavyojisikia kitabu kinapopata tuzo. Nikaanza kuuboresha. Nikakaanga kitunguu hadi kikawa chekundu, nikatia bizari nyembamba na supu ya mbuzi badala ya maji. Sahani ikarudi tupu zaidi, kama ingewezekana.

Kisha jirani yangu, mama anayeuza samaki wakavu wa ziwani, akanisimamisha kwenye ua wetu wa pamoja.

"Yule mama yako Mungu ambariki," alisema. "Watoto wangu sasa hawataki ugali. Wanangoja ile wali yako ya brauni. Hii ya vitunguu ndio imewamaliza kabisa."

"Wali gani?"

"Si ile anawaletea kila mchana! Na wanaenda choo, dada yangu, vizuri, kama saa."

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kwa jasho langu, katika joto ambalo hata mjusi hutafuta ukuta wa kivulini, nilikuwa nikiwatibu ugonjwa wa sukari watoto wasio nao, huku mama akiketi na binamu zangu na kula wali mweupe kutoka sufuria kubwa. Nilimuuliza. Akasema alikuwa ameshiba. Nilimuuliza anataka kwenda Kaikor au hataki. Akasema anataka kuliko kitu kingine chochote, na machoni mwake niliona kwamba ni kweli, nikashindwa kumwelewa. Nikaamua ni ladha. Kesho yake nikatia iliki.

Katikati ya mwezi, dada yake akaja kutoka Kaikor. Mama mkubwa ni mrefu, mkavu, hana maneno ya kupamba. Alileta nyama iliyokaushwa na habari za mbuzi, nani amezaa na nani ameliwa na fisi, akasema atangoja siku ya kliniki ili arudi na mdogo wake.

"Na wakinikatalia?" mama aliuliza.

"Nitarudi peke yangu, niwagawe mbuzi wako kwa watoto wa kaka. Mbuzi hawawezi kungoja friji."

Mama aligeuza uso ukutani, na mimi nilienda jikoni kuloweka mchele mwingi kuliko kawaida.

Siku chache baadaye nilitoka Kakuma mchana na kusikia, kabla sijafika getini, mtwangio ukidunda. Mama mkubwa alikuwa ameazima kinu cha muuza samaki. Alitwanga kwa mikono mirefu, jasho likimtiririka, na mama alikuwa kwenye kigoda kando yake akipepeta kwa ungo. Mbuzi wa jirani walikuwa wamekusanyika miguuni pao wakila kilichoanguka.

"Ejok, mwanangu," mama mkubwa alinisalimu kwa salamu ya kwetu, bila kuacha kutwanga. "Huo mchele wako waliukoboa nusu wakachoka. Watu wa Kakuma wamekuwa wavivu. Usijali, ninakumalizia kazi."

Nilichungulia kinu. Ndani mlikuwa na chenga nyeupe, safi, za kupendeza. Miguuni pa mbuzi kulikuwa na pumba, nyuzinyuzi na ushauri wote wa daktari, na mbuzi walivitafuna vyote kwa makini.

"Mama! Wewe ulijua!"

"Nilijua."

"Hukumkataza?"

"Mgeni ameshika kazi kwa upendo, mimi nimnyang'anye mtwangio?"

"Unataka kwenda nyumbani au unataka friji? Niambie, ninunue kubwa!"

Mama akaweka ungo chini. Sikumbuki lini alikuwa amenikasirikia hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Mchele wenyewe sina ugomvi nao," alisema. "Ni ile sufuria yako ndogo. Unawapikia watu wote, halafu unaniletea changu, kimefunikwa, kama dawa ya minyoo. Ninakaa na sahani yangu na kila mtu ananitazama. Kwetu unajua ni nani anayepikiwa peke yake?"

"Mtu ambaye hawataki mikono yake iingie chakulani," mama mkubwa alimjibia, na akaendelea kutwanga.

"Hata mbwa," mama alisema, "hula kilichobaki kwa wote."

"Mama, lakini ungeniambia."

"Nilikuambia kila siku. Sikuula."

Nairobi kuna rafiki aliyewahi kunisifu kwamba nina sikio la kusikia wahusika wangu wanapokaa kimya. Nilisimama pale kati ya mbuzi nikitamani asiwe amenisifu mbele ya watu.

"Na hii ya sasa?" mama mkubwa aliuliza, akionyesha kinu. "Niendelee au niache?"

"Uache," nilisema. "Tafadhali."

"Usiwe mkali. Kama mlitaka mchele mchafu, mngesema."

Kesho yake niliitundika sufuria ndogo ukutani na kuloweka mchele wa kahawia uliosalia kwenye sufuria kubwa, ile ya misiba na sikukuu. Ulihitaji meko yote mawili kwa zamu na vikaango viwili. Wali mweupe haukupikwa kabisa. Binamu zangu waliporudi kutoka chuoni walitazama sinia, wakatazamana.

"Kwani tumefeli nini?" mmoja akauliza.

"Mtakula," mama alisema. Alikuwa amekaa mahali pake, kama mwenye nyumba, na mkono wake ndio ulioingia kwanza kwenye sinia. "Mgeni yupo. Mtaaibisha nani?"

Hapo hapakuwa na pa kutokea. Mwenyeji hawezi kumwekea mgeni chakula asichokigusa mwenyewe, na mgeni hawezi kukataa chakula ambacho mwenyeji anakula mbele yake. Wote wawili walikuwa wamenaswa. Mama mkubwa alitafuna tonge la kwanza kwa muda mrefu, akiangalia mbali.

"Huu unataka meno ya mbuzi," alisema hatimaye.

"Ongeza mchuzi," mama akamwambia. "Kula, dada. Mimi ninakula." Na kweli alikula. Alikula hadi upande wake wa sinia ukaonyesha bati, akafagia kwa kidole, akawasukumia binamu zangu waliokuwa wakichezea punje. Muuza samaki alipitisha kichwa mlangoni akiuliza mbona leo watoto hawajaletewa, na mama akamwambia awalete, wale hapa, na watu wote.

Kuanzia siku hiyo mama ndiye aliyelinda kifuniko. Alikaa na kigoda chake mbele ya jiko, na yeyote aliyenyoosha mkono alipigwa kofi la vidole. Binamu walilalamika, kisha wakazoea, kisha mmoja nilimsikia akiwaeleza wenzake wa chuo, kwa sauti ya Nairobi niliyoitambua, kwamba wali mweupe hauna kitu ndani. Mama mkubwa hakuzoea. Alikula kwa heshima kila siku kama mtu anayehudhuria ibada ya dini nyingine.

Mimi nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ilidumu hadi nilipoanza kuangalia kona ya chumba cha mama. Ngozi yake ya kulalia ilikuwa imekunjwa na kufungwa kamba. Siku nyingine, kibuyu chake cha maziwa kilikuwa kimepakwa mafuta. Siku nyingine tena, nguo nilizomnunulia za mjini zilikuwa zimepangwa vizuri kitandani mwangu, zimeoshwa, za kuachwa. Jinsi alivyokula vizuri ndivyo kona ile ilivyojaa. Nilisimama jikoni nikisikiliza maji yakinong'ona chini ya kifuniko, na ikanijia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpikia mama yake nauli kwa ustadi kama mimi. Siku moja nilijikuta nimeinama kuongeza moto ulipostahili kupunguzwa. Mama aliniona. Alinyoosha mkono akaupunguza moto yeye mwenyewe.

Siku ya kliniki tulikwenda wote watatu. Daktari alimchoma mama kidole, akaingiza tone kwenye mashine, akaitazama, akaitazama tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Imeshuka, mama. Bado si ya kujivunia, lakini vidonge vinatosha. Sindano hatuanzi."

"Na Kaikor?"

"Huko kuna zahanati? Sawa, upimwe huko kila mwezi. Na huko utakula nini?"

"Mtama. Maziwa. Nyama kidogo."

"Mtama ni mzuri sana," daktari alisema kwa furaha. "Mzuri kuliko huu mchele, hata. Mchele wa kahawia ni kwa wale ambao hawana mtama."

Mama aligeuka akanitazama. Mama mkubwa pia. Nilijifanya ninasoma bango la ukutani kuhusu kunawa mikono.

"Daktari," nilisema, na sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyopanga, "hiyo mashine huwa haikosei? Nauliza tu. Labda apimwe tena, kidole kingine."

Daktari aliduwaa. Mama akauficha mkono wake ndani ya shuka.

"Kidole kimeshasema," alisema. Kisha akamgeukia dada yake kwa Kiturkana, akidhani ananong'ona: "Simama twende, kabla huyu hajamharibu daktari."

Wakasimama. Nilibaki kupokea vidonge. Daktari alinihesabia kimoja kimoja, akanipa pakiti, akanishika mkono kwa nguvu.

"Hongera sana," alisema. "Si familia nyingi zinazoweza kufanya hivi."

Nilimshukuru. Nje, kupitia dirishani, mama alikuwa tayari amemsimamisha mtu wa pikipiki na kumuuliza gari la Kaikor hujazia abiria wapi.